KINU HUTUNZWA KIKIWA KIMEZIMWA

Mazungumzo ya mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa kamati ndogo ya kinu, mbele ya wakazi na wageni siku ya maadhimisho ya 20 Juni



Kamati imenipa dakika ishirini, na imenitaka nizungumze juu ya kinu chetu cha kusagia mahindi na chakula cha mifugo. Najua wapo watakaosema siku ya leo ina mambo makubwa kuliko grisi na mikanda. Lakini tangu mwaka 2023 mgao wa chakula katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya, na kaya nyingi hapa Nakivale zimejikuta zikitegemea shamba dogo, kuku kumi na nguruwe mmoja. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kujitafutia riziki. Basi riziki hiyo inapita katika kinu. Kinu kikilala, mama anarudi kwenye mchi, na kuku wanarudi kuparura vumbi.

Aidha, liko jambo la kuamuliwa. Kamati ndogo imependekeza kinu kizimwe nusu saa kila asubuhi, na asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, kwa ajili ya matengenezo. Foleni imelalamika. Nimekuja kueleza kwa nini tunaomba muda huo. Baada ya hapo uamuzi ni wenu.

Kinu kinavyofanya kazi

Kinu chetu ni cha nyundo. Ndani yake mna shafti moja, na katika shafti hiyo zimening'inizwa nyundo, yaani vipande vya chuma bapa, kila kimoja kikiyumba kwenye pini yake. Nafaka ikishuka kutoka juu hupigwa ikiwa hewani, hugonga ukuta, hupigwa tena, mpaka iwe ndogo kiasi cha kupita katika matundu ya chekeche lililo chini. Kwa hiyo chekeche ndilo linaloamua unga uwe laini au uwe chenga. Chekeche la matundu ya milimita 1 hutoa unga wa ugali na uji. La milimita 3 hadi 5 huparaza chakula cha kuku. Nguruwe linawafaa la milimita 3.

Nguvu hutoka kwenye injini ya dizeli, na huvushwa hadi kinuni kwa mikanda mitatu inayopita kwenye puli mbili. Hapa nawaomba wanafunzi wa darasa la sita wanisaidie hesabu. Injini huzunguka mara 1500 kwa dakika. Puli yake ina kipenyo cha sentimita 24, na puli ya kinu sentimita 12. Zidisha 1500 kwa 24, kisha gawanya kwa 12. Jibu ni 3000: kinu huzunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Duara linalochorwa na ncha za nyundo lina kipenyo cha sentimita 40. Kila mzunguko, ncha husafiri kama mita 1.26. Mara 50, ni mita 63 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hakuna basi la Mbarara kwenda Kampala linalokimbia hivyo, na sisi tunasimama hatua mbili kutoka hapo tukiwa na ndoo mkononi.

Yupo ndugu yetu aliyependekeza kwa nia njema tufunge puli ya sentimita 30 kwenye injini ili foleni iishe upesi. Tuhesabu tena. Kinu kingezunguka mara 3750 kwa dakika, yaani robo zaidi. Lakini nguvu inayoivuta nyundo itoke kwenye pini yake huongezeka kwa mraba wa mwendo: 1.25 mara 1.25 ni 1.56. Ni zaidi ya mara moja na nusu. Pini iliyochoka ikikatika kwa nguvu hiyo, nyundo inaweza kutoboa bati na kuendelea na safari yake. Mwendo ulioandikwa kwenye kibati cha kinu ndio mpaka. Hatuuvuki.

Mkanda

Mkanda wa aina hii hushika puli kwa mbavu zake. Hauketi chini ya mfereji. Ukiona sakafu ya mfereji inang'aa, ujue mkanda au puli imelika, na mkanda umeanza kuteleza.

Mkanda uliolegea huteleza, hupata moto, hutoa harufu ya mpira unaoungua, na kinu hukosa nguvu ingawa injini inanguruma. Mkanda uliokazwa kupita kiasi haupigi kelele, nao ni mbaya zaidi, maana unavuta shafti upande mmoja mchana kutwa na kuua beringi. Kipimo ni kidole gumba. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa nguvu ya wastani katikati ya puli mbili. Kwa kila mita 1 ya nafasi iliyopo kati ya puli, mkanda ubonyee kama milimita 16. Mkanda mpya hurefuka kidogo, hivyo upimwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Puli nazo lazima zitazamane sawasawa. Chukua uzi, uvute ukipita kwenye nyuso za puli zote mbili. Uzi uguse sehemu nne: kingo mbili za puli ya kwanza na kingo mbili za puli ya pili. Ukigusa tatu tu, mkanda unakwenda upande na utalika ubavu mmoja.

Mambo matatu tumeyakataza. La kwanza, kupaka mkanda sabuni, lami au oili ili ushike. La pili, kuuingiza kwa kuukwangua na bisibisi. Legeza boliti za injini, isogeze, vika mkanda, kisha kaza. La tatu, kubadilisha mkanda mmoja na kuacha miwili mizee. Mpya ni mfupi kuliko mizee, kwa hiyo utabeba mzigo wote peke yake na kukatika. Mikanda mitatu hubadilishwa pamoja. Namba ya mkanda iandikwe daftarini ingali inasomeka. Mkanda ulioandikwa B 75, kwa mfano, ni wa upana wa aina ya B na urefu wa inchi 75 kwa ndani. Namba ikishafutika, mtu atakwenda Mbarara na kurudi na mkanda usioingia.

Nyundo, chekeche na beringi

Nyundo hulika kona ile inayotangulia kupiga. Yenye tundu pande zote mbili ina kona nne za kutumia. Kona moja ikiwa butu, nyundo hugeuzwa, na hugeuzwa zote siku moja. Ikibidi kubadilisha, hubadilishwa jozi kwa jozi, ile ya upande huu na mwenzake anayetazamana naye, baada ya kuzipima kwenye mizani ya duka ziwe na uzito sawa. Nyundo moja nyepesi inatosha kuufanya mzunguko uyumbe, na kinu kinachotetemeka hulegeza boliti, hupasua zege na kutafuna beringi.

Chekeche lililotoboka haliendi kushonwa wala kuzibwa kwa kitambaa. Punje nzima zitapita, na kitambaa chenyewe kitasagwa kiingie katika unga wa mtu.

Beringi zinataka grisi kidogo na mara kwa mara. Futa kwanza ncha ya kupitishia grisi, la sivyo utasukuma vumbi ndani. Wapo wanaodhani grisi nyingi ni upendo mwingi. Beringi iliyojazwa kupita kiasi nayo hupata moto. Jioni, kinu kikishasimama kabisa, weka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde chache, kuna tatizo, na kesho asubuhi kinu hakiwashwi kabla tatizo halijajulikana.

Kwa injini nitasema machache. Oili hupimwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, na hubadilishwa kwa saa zilizotajwa katika kitabu cha injini. Kwa injini nyingi ndogo ni kama kila saa 100. Dizeli ichujwe. Kichujio cha hewa ndicho husahaulika kuliko vyote, na penye kinu hewa yenyewe ina unga. Injini inayovuta unga hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na kunywa dizeli zaidi kwa kazi ileile.

Nafaka yenyewe

Sehemu hii ni ya kila anayekuja na ndoo. Mahindi yapepetwe na kuchaguliwa nyumbani. Jiwe dogo kama kunde likiingia linavunja nyundo, na msumari unaweza kuwasha cheche katika vumbi la unga, nalo vumbi hilo linashika moto. Tumefunga sumaku ya spika mbovu mdomoni mwa kinu, nayo imekwisha kunasa misumari, kokoa za soda na nusu ya wembe. Sumaku hainasi mawe. Mawe ni kazi ya ungo wako.

Mahindi yawe makavu. Mahindi mabichi huziba chekeche, hupasha unga moto, na unga huo huvunda katika mfuko. Kipimo cha bei nafuu ni chupa kavu na chumvi kavu. Tia punje na chumvi kidogo, funga, tikisa, kisha ziache zitulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji mengi. Yarudishe juani.

Na mahindi yenye ukungu hayasagwi, hata kama mwenye nayo anasema ni ya kuku tu. Sumu ya ukungu haitolewi kwa kusaga. Bata na vifaranga hufa nayo mapema, na ng'ombe akiila hupita katika maziwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hao walikuwa wakulima kama sisi, na mahindi yalikuwa yao wenyewe.

Mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi nyekundu au ya waridi, zisiletwe kabisa. Na utaratibu wa siku ubaki kama ulivyo: asubuhi unga wa watu, mchana chakula cha mifugo. Dagaa, ambao hapa Uganda huitwa mukene, wakishapita kinuni, uji wa mtoto atakayefuata utanuka samaki. Ndiyo sababu chekeche la mifugo ni lake peke yake, na jioni kinu hufagiwa.

Kifuniko na mpini

Sasa naomba kina mama wanisikilize, kwa kuwa ninyi ndio mnaokaa karibu na kinu kuliko sisi.

Nilipokuwa mwalimu mpya huko Kivu Kusini niliishi jirani na kinu cha mtu binafsi. Kifuniko cha mkanda kilikuwa kimeondolewa ili mkanda ubadilishwe haraka, na hakikurudishwa kwa kuwa kila siku palikuwa na foleni. Siku moja mama mmoja aliinama kuokota ndoo yake, pindo la kitenge likanaswa. Alipona. Mkono wake wa kulia haukupona. Hakuna mtu aliyemtakia ubaya. Kilichokosekana pale ni boliti nne na dakika kumi.

Kwa hiyo hapa kwetu, kifuniko kisipokuwepo, kinu hakiwashwi. Mwendeshaji havai shati linalopepea wala skafu. Mama anayekaribia afunge kitenge vizuri na asivuke ule mstari uliochorwa sakafuni. Watoto wabaki nje, hata wale waliotumwa na wazazi. Tutawapokea ndoo zao mlangoni. Sigara haiingii. Bomba la moshi wa injini litoke nje ya nyumba, maana moshi huo unaua bila kukohoza mtu kwanza.

Kuwasha na kuzima pia kuna mpangilio. Kinu huwashwa kikiwa kitupu, kinaachwa kifikie mwendo wake, ndipo nafaka huingizwa kidogo kidogo. Wakati wa kuzima, nafaka hukatwa kwanza, kinu kinajimaliza, ndipo injini huzimwa. Hata baada ya injini kunyamaza nyundo bado zinazunguka. Anayetaka kufungua asubiri hadi puli isimame kabisa mbele ya macho yake. Na mpini wa kuwashia injini uwe mikononi mwa huyohuyo anayefungua, si kwa mwenzake. Mtu mwenye mpini mfukoni hawezi kuwashiwa kinu akiwa ameingiza mkono ndani.

Daftari na sanduku

Katika mtaa mmoja nimeona kinu kizuri kilichotolewa na wafadhili. Rangi yake bado inang'aa. Kuku wanalala juu ya injini. Nilipouliza, niliambiwa beringi moja iliharibika, na hapakuwa na fedha wala aliyejua namba yake.

Sisi tuna daftari. Kila siku huandikwa saa za kazi, kilo zilizosagwa, dizeli iliyotiwa, grisi, na safu ya mwisho tumeiita "kilichosikika". Humo mwendeshaji huandika sauti yoyote mpya, hata kama hajui maana yake. Daftari liko wazi, na kila mkazi anaweza kulisoma.

Tuna pia sanduku la vipuri. Wengi mmeuliza kwa nini tusisage kwa bei ya dizeli tu, kwa kuwa kinu ni cha jamii. Tuseme katika kila kilo shilingi 20 zinakwenda sandukuni. Tukisaga kilo 20,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 400,000. Humo ndimo mlimo mikanda, nyundo, beringi na nauli ya kwenda Mbarara. Anayesaga kwa bei ya dizeli peke yake anakula kinu kidogo kidogo, kwa sababu chuma kinalika kila siku hata kama hakuna anayekilipia. Wazee na wagonjwa wasioweza kulipa, Kamati iwasaidie kwa orodha iliyo wazi na ilipie kilo zao. Sanduku lisiguswe.

Muda tunaouomba

Nimefika kwenye foleni. Malalamiko yenu ni ya haki, na nitayaweka katika hesabu. Kinu kinasaga kama kilo 150 kwa saa, saa 6 kwa siku, yaani kilo 900. Nusu saa kila siku kwa siku 25 ni saa 12 na nusu. Asubuhi mbili za saa 3 kwa mwezi ni saa 6. Jumla ni saa 18 na nusu. Kwa mwezi mtapoteza kama kilo 2,775. Sitaki kuificha namba hiyo.

Lakini masika yaliyopita kinu kilisimama siku 11 kwa ajili ya beringi moja. Siku 11 kwa kilo 900 ni kilo 9,900. Ukifungua daftari utaona kwamba siku sita kabla ya hapo mwendeshaji aliandika: "Sauti ya kukwaruza upande wa puli." Aliisikia. Kila alipotaka kuzima, watu walimpigia kelele, wakamwambia yeye ni mtumishi wao tu. Kijana yule alikuwa na masikio, na spana alikuwa nayo. Ruhusa ya kuzima ndiyo hakuwa nayo.

Hicho ndicho tunachowaomba leo. Mkimruhusu mwendeshaji azime kinu anaposikia jambo, bila kumwomba mtu radhi, mmekwisha kufanya nusu ya matengenezo. Hatutii grisi kwenye beringi inayozunguka kwa kasi. Mkanda haupimwi kwa kidole ukikimbia. Nyundo hazigeuzwi watu wakisukumana mlangoni. Kazi yote niliyoieleza hufanyika kinu kikiwa kimezimwa, na ni ninyi mnaosimama kwenye foleni mnaoweza kuutoa muda huo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika ninayo maombi mawili. Mnapoleta mashine, leteni ile ambayo mikanda na beringi zake zinapatikana madukani Mbarara, na kitabu chake kiwe katika lugha tunayoisoma. Na mnapotoa mafunzo ya uendeshaji, nusu ya nafasi ziwe za wanawake. Kwa sasa wao ndio wateja wengi, na mwendeshaji mwanamke hatuna hata mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo la nusu saa liko mezani kwako, na daftari liko hapa kwa anayetaka kuhakikisha hesabu zangu. Nawashukuru wenyeji wetu wa Isingiro, ambao nao huja kusaga hapa na kupanga foleni pamoja nasi. Nawashukuru waendeshaji wetu wawili, ambao mikono yao bado ni mizima. Tuitunze ibaki hivyo.